Hapana ya Baba, Hapana ya Mama

Kijana anarudi mjini na mzoga wa mbwa. Tangu mbali anaimba, akimtangazia mama yake kwamba amemwua nunda, yule mla watu. Mama anatazama, kisha anamjibu kwa mahadhi yaleyale kwamba huyo aliyemleta hakuwa nunda. Kijana anageuka, anarudi porini. Mara nyingine analeta ngawa, na wimbo ni uleule, na jibu ni lilelile. Anakuja na punda milia. Anakuja na twiga, na kifaru, na tembo. Watu wameshaliwa katika hadithi hii, na miongoni mwao ni ndugu watatu wa kijana huyuhuyu, lakini wasikilizaji hucheka. Nataka kukaa juu ya kicheko hicho. Naamini kimejengwa kwa ufundi mkubwa kuliko heshima tunayokipa, na kwamba sisi wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, huku Maniema, mashariki ya Kongo, tuna sababu yetu wenyewe ya kukisikiliza kwa makini.

Hadithi ni ya Sultani Majinuni. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, aliiandika kutoka vinywani mwa wasimulizi wa mji ule, akaichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 1901 Andrew Lang aliitia katika The Violet Fairy Book, na nunda akaanza kuwatisha watoto wa Ulaya. Mwaka huohuo wa 1870 David Livingstone alikuwa amekwama Kabambare. Miguu ilikuwa na vidonda, hakuweza kuendelea kuelekea mto Lualaba, na alikaa pale kuanzia Julai hadi Februari ya mwaka uliofuata. Wafanyabiashara na wapagazi waliomzunguka walizungumza lugha ileile iliyokuwa ikipigwa chapa London. Kitabu cha Steere na Kiswahili chetu cha Maniema vina mzazi mmoja, yaani barabara ya misafara iliyotoka pwani.

Riwaya za kuchekesha za mapepo mjini zina wapenzi wengi leo. Shujaa wake huwa ni mtu wa kawaida asiyetaka vita, anayependa kulala na kula, halafu shetani anamjia mlangoni. Terry Pratchett na Neil Gaiman walipotoa Good Omens mwaka 1990, walimfanya hata shetani mwenyewe asiitake kazi aliyotumwa. Amos Tutuola wa Nigeria alikuwa amefika huko mapema zaidi: shujaa wa kitabu chake cha 1952 hana kazi ila kunywa tembo, ile pombe ya kugema, na safari yake ya kutisha hadi mji wa wafu anaianza kwa sababu mgema wake amekufa. Hadithi ya Sultani Majinuni ina viungo hivyohivyo: mji, kitu cha kishetani kinachokula watu wa mji, na shujaa ambaye hakuna aliyeweka tumaini kwake. Lakini inavipanga kwa namna ambayo sijaikuta katika riwaya nyingine yoyote, na mpango huo ndio ninaotaka kuusoma.

Kwanza tumtazame shujaa. Ni mtoto wa saba wa sultani, na nafasi yake nyumbani ni jikoni, mpaka ikawa ndilo jina lake, Mkaa Jikoni. Wanorwe wanaye kijana wa namna hii, Askeladden, anayekaa karibu na majivu ya moto huku kaka zake wakienda kutafuta utukufu. Wetu anatokea pale ambapo sultani ana mtende, na kila msimu tende zinapoiva ndege anakuja kuzila. Mtoto wa kwanza anatumwa kulinda. Analala. Wa pili analala. Inaendelea hivyo mpaka wa sita, na msimulizi hana haraka, maana uchovu wa marudio haya una kazi: tunapofika kwa wa saba, sultani amekata tamaa kiasi kwamba ruhusa anayompa inafanana na kumfukuza.

Na ushindi wa mtoto wa saba unatokana na nini? Anawarudisha watumwa wakalale, kisha anakaa na nafaka na mchanga. Usingizi ukimjia anatafuna nafaka, na ukizidi anachanganya mchanga ili meno yagongane na mawe. Kaka zake walishindwa na kope zao wenyewe, si na ndege, na yeye anashinda kwa kuuudhi mdomo wake. Ndege anakamatwa kwa bawa. Hili ni tendo la kwanza la kishujaa katika hadithi, na linafanyika kinywani, kwa chakula, kama inavyomfaa mtu wa jikoni. Msimulizi hakumpa upanga, hakumpa nguvu, hakumpa nasaba ya ajabu. Amempa uwezo wa kuvumilia usumbufu mdogo kwa muda mrefu. Shikeni sifa hiyo, maana ndiyo itakayomfikisha kwenye tembo.

Halafu anaingia paka.

Paka ni wa sultani, na sultani anampenda. Siku moja paka anaua ndama. Watu wanakuja kumwambia bwana wao, naye anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mbuzi: jibu ni hilohilo. Anakula ng'ombe, punda, farasi, ngamia. Taarifa zinapanda ngazi kwa ukubwa wa mnyama, na jibu linabaki palepale chini. Ni mbinu ya kuchekesha iliyopimwa vizuri. Mcheko wa hadithi za marudio hutokana na kitu kimoja kukua huku kingine kikikataa kukua, na hapa kinachokua ni njaa ya paka, kinachokataa ni akili ya sultani. Jina lake, Majinuni, linamaanisha aliyeingiwa na majini, na msimulizi hahitaji kulifafanua.

Sarufi nayo inasaidia. Katika Kiswahili cha pwani paka, ndama, mbuzi, ngamia, mtumwa na mtoto wote wanapokea kimilikishi kimoja. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambako watu husema mutoto yangu kama wanavyosema paka yangu, ni vilevile. Sultani anaweza kulisema jibu lake kuhusu kiumbe chochote bila kubadilisha silabi moja. Wasikilizaji wanacheka kwa ndama na mbuzi. Kisha paka anakamata mtoto, na baadaye mtu mzima, na mdomo uliokuwa umejiandaa kucheka kwa mara nyingine unajikuta wazi juu ya maiti. Mwendo wa sentensi ni uleule. Ndio unaotuvusha kutoka kwenye zizi hadi kwa watu kabla hatujatambua kwamba tumevuka. Mtungaji dhaifu angeweka onyo hapo, angebadilisha sauti. Msimulizi wa Unguja hakuweka kitu. Aliachia mdundo uendelee.

Hii ndiyo hapana ya kwanza ya hadithi, hapana ya baba. Watu wanasema: huyu amekuwa mla watu. Sultani anasema: hapana, huyu ni paka. Ni hapana ya mwenye mali. Anakana jambo analoliona kwa sababu kulikubali kungemtaka aamue juu ya kitu anachokipenda, na kwa sababu hasara, mpaka sasa, anaihesabu katika daftari lake mwenyewe. Paka anauhama mji, anajificha kando ya njia, anakula wapitao. Sultani bado haamrishi auawe. Ni siku anapotoka na wanawe, paka akawarukia na kuwaua watatu, ndipo macho yanapofunguka na anamwita mnyama kwa jina lake: huyu si paka tena, ni nunda, na huenda atanila hata mimi.

Tukumbuke basi jambo hili la umbo. Pepo wa hadithi hii hakutoka msituni, wala mlimani, wala baharini. Amelelewa ikuluni na kulishwa kwa mkono wa sultani. Anakuwa wa porini baadaye, baada ya mji kushindwa kumtaja. Kwa hiyo msako wote unaofuata, vichaka vyote na milima yote, ni safari ya kutafuta nje kitu kilichoanzia ndani. Nani atatumwa? Yule aliyekaa ndani zaidi kuliko wote.

Mkaa Jikoni anaomba ruhusa aende. Wazazi wanamzuia, na mama ndiye anayeogopa zaidi. Hapa hadithi inaanza upya kabisa. Ina mdundo mwingine, ina wimbo, na ina mpangilio ambao ni kioo cha ule wa kwanza. Katika nusu ya kwanza watu walikuja na habari kwamba mnyama ni nunda, na baba akasema hapana. Katika nusu ya pili kijana anakuja na mizoga akiimba kwamba mnyama ni nunda, na mama anasema hapana. Taarifa zinapanda ngazi tena kwa ukubwa, kutoka mbwa hadi tembo, kama zilivyopanda kutoka ndama hadi ngamia. Jibu linabaki palepale tena. Ukiweka nusu mbili bega kwa bega, ni umbo moja lililopigwa chapa mara mbili, na kilichobadilika ni nani anayekana na kwa nini.

Hapana ya baba ilikuwa uongo, na ilimkuza nunda. Hapana ya mama ni kweli, na inamkuza mwana. Sultani alikana ukweli uliokuwa mbele yake. Mama anakataa ushindi wa uongo ulioletwa mbele yake, hata na mtoto anayempenda, hata anapojua kwamba neno lake litamrudisha mtoto huyo kwenye hatari. Fikiri alivyoweza kusema ndiyo kwa yule mbwa. Mtoto angekaa nyumbani salama. Mji ungepigiwa ngoma. Na nunda angeendelea kula kando ya njia, akiwa amekufa kwa maneno tu. Mama anaogopa kuliko wote, na ndiye pekee asiyekubali amani ya namna hiyo. Nimesoma wahakiki wanaomsifu kijana huyu kwa ushujaa, na sijapinga, lakini muundo wa hadithi umeuweka uzito mahali pengine. Shujaa wa hukumu ni mama.

Kijana naye anachekesha kwa sababu hajui anachokitafuta. Ametoka kumwua shetani ambaye hajawahi kumtambua kwa sura, akaanza na mbwa. Kuna upole mwingi katika kosa hilo. Kila mnyama anayemleta ndiye mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona mpaka siku ile, na kila mmoja anamfundisha kwamba bado kuna mkubwa zaidi. Msimulizi hamfanyi mjinga. Kijana haoni haya, habishani na mama yake, hasemi kwamba amechoka. Anakula, anaondoka tena. Uvumilivu wa kutafuna mchanga chini ya mtende umegeuka kuwa uvumilivu wa kukosea hadharani, mbele ya mji mzima, huku ukiimba. Hili ndilo jambo la kuchekesha na ndilo jambo kuu, na ufundi wa hadithi ni kuyaweka yote mawili mahali pamoja.

Linganisha na Ngando ya Paul Lomami Tshibamba, kitabu kilichotunzwa Brussels mwaka 1948 na kufungua njia ya fasihi ya Kongo kwa Kifaransa. Pale pia tuna mji, Léopoldville ya wakati wa ukoloni, na mtoto anayekwepa shule akaenda kuogelea mtoni, akachukuliwa na mamba aliyetumwa kwa uchawi. Baba yake anamfuata hadi kwa mizimu. Anavunja mwiko, na yote yanaharibika. Katika ulimwengu wa Ngando kosa moja linaua. Ni kitabu cha msiba, kilichoandikwa na mtu aliyejua kwa mwili wake bei ya kuuliza maswali mbele ya dola ya kikoloni, na sikitaki kiwe kingine. Lakini nikirudi kwa Mkaa Jikoni naona jinsi ilivyo adimu hadithi ya mapepo inayomruhusu mtu akosee mara nyingi hivyo na bado aendelee kuishi. Kicheko ndicho kinachotoa ruhusa hiyo. Mahali ambapo watu wanaweza kucheka, kosa halijawa kaburi.

Sasa wimbo. Steere, katika dibaji yake, alieleza kwamba katika hadithi za Unguja kulikuwa na vipande vya kuimba ambavyo wote waliopo walishiriki, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi ilikuwa ndani ya vipande hivyo, msimulizi akijaza nyama katikati kwa maneno yake ya papo hapo. Ukisoma hadithi ya nunda kwa kuongozwa na neno hilo, unaona kwamba nusu ya kwanza, ya baba, ni maneno ya kusemwa tu. Sultani hana wimbo. Mji haujibu pamoja naye. Wimbo unaanza pale mwana anapotoka kumsaka nunda, na maneno yake ni ya Kiswahili cha zamani kuliko nathari inayouzunguka, kama kwamba sehemu hii ilikuwapo kabla ya hadithi yenyewe kuvikwa nguo zake za sasa.

Na nani huimba sehemu ya mama? Msimulizi huimba ya mwana, kwa kuwa ndiye anayerudi na habari. Wanaoitikia ni waliokaa. Kwa hiyo wasikilizaji wote, watoto kwa wazee, wanatamka hapana ya mama kwa vinywa vyao. Wanatamka kwa mbwa, wakicheka. Wanatamka kwa ngawa. Kufikia kifaru wengine wanaanza kusita, maana kifaru ni mkubwa na wamechoka, na tembo je, nani atamkataa tembo? Hapo ndipo umbo linapowapima. Kukataa mbwa ni rahisi. Kumkataa tembo, mzoga mkubwa kuliko kitu chochote mjini, mbele ya kijana aliyetoa jasho, ni kazi. Hadithi inawafundisha wasikilizaji kumpima nunda kwa madhara aliyoyafanya, wala wasidanganywe na ukubwa wa mwili. Na inawafundisha kwa koo na mapafu, kwa kuimba, bila sentensi moja ya mafundisho.

Hatimaye kijana anamkuta nunda mlimani, amelala. Jinsi anavyomtambua ni jambo zuri sana. Hatetemeki kwa hofu takatifu, wala moyo haumwambii. Anahakiki. Mama amemweleza alama: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa mawili kama ya ngawa, mkia mnene. Anatazama masikio, ni madogo. Anatazama mwili, ni mpana. Anatazama madoa, yapo. Mkia, ni mnene. Kila alama inatajwa mara mbili, mara moja kama neno la mama na mara moja kama kitu kinachoonekana, na kwa mara ya kwanza katika hadithi nzima neno na kitu vinalingana. Baba alikuwa na kitu mbele ya macho akakosa neno. Mwana amekuwa na neno muda wote akakosa kitu. Hapa vinakutana, na mdundo wa marudio uliokuwa ukichekesha unakuwa mdundo wa kusadiki.

Bunduki zinalia, kisha kijana na watu wake wote wanakimbia bila kungoja kuona kama amekufa. Ni kesho yake tu wanaporudi na kumkuta mzoga. Napenda sana kwamba kilele cha hadithi ni watu wakikimbia. Lakini hapa pia ndipo ninapoanza kugombana na hadithi, na ugomvi huu unatoka Nyangwe.

Bunduki zile zilishikwa na watumwa. Kijana alitoka mjini na watumwa wa baba yake, wao ndio waliobeba chakula, wao ndio waliobeba mizoga, wao ndio waliofyatua. Wimbo unasema nimemwua. Nafsi ya kwanza, umoja. Tulipocheka kwa mbwa hatukujiuliza nani aliburuta mbwa. Katika sarufi ya wimbo wa mwana mna kimilikishi kilekile cha baba, kimenyamaza tu: mikono iliyoua ni yangu kwa sababu wenye mikono ni wangu. Msikilizaji wa Unguja wa karne ya 19 huenda aliliona hilo kama jambo la kawaida. Msikilizaji wa Nyangwe hawezi, maana katika historia yetu swali la nani alishika bunduki na bunduki ilikuwa ya nani halijawahi kuwa dogo.

Nyangwe iko ukingo wa kulia wa Lualaba, na soko lake lilikuwa la wanawake. Walivuka kwa mitumbwi kutoka kingo zote mbili wakiwa na samaki, kuku, chumvi, mafuta ya mawese, vyungu. Livingstone, aliyefika Machi 1871, alipenda kukaa na kuwatazama wakipatana bei. Tarehe 15 Julai watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Livingstone alimwona mmoja wao akibishana juu ya bei ya kuku, kisha akamnyakua kuku huyo. Risasi zikaanza. Wanawake walikimbilia mitumbwi kwenye mlango mwembamba wa maji, wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Sitasema kwamba hadithi ya Unguja iliyochapishwa mwaka mmoja kabla ilitabiri jambo hili, wala kwamba nunda ni jina la siri la mtu fulani. Nasema tu kwamba ngazi ya sultani, ile inayoanzia kwenye kiumbe kidogo cha kufugwa na kuishia kwa watu, sisi tunaijua kwa namna nyingine. Kwetu ilianza na kuku.

Habari ya soko lile ilipofika Uingereza ilisaidia kusukuma mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash aliukubali na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini, mahali palepale pa soko, na aliyesimamia ujenzi wake ni Steere, mtu yuleyule aliyekaa na wasimulizi na kuandika habari za paka wa Sultani Majinuni. Kati ya Nyangwe na ukurasa ule wa Kiswahili kuna uzi mfupi kuliko tunavyodhani.

Na uzi huo una fundo moja zaidi, la umbo. Siku za Nyangwe Livingstone aliishiwa karatasi, akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la The Standard kwa wino wa mimea, akikatisha mistari iliyopigwa chapa. Mwaka 2011 timu ya mtafiti Adrian Wisnicki ilitumia picha za mianga mbalimbali kuisoma shajara ile iliyokuwa imefifia, na ikaonyesha jinsi Livingstone alivyoyabadilisha maelezo alipoyanakili baadaye, hasa kuhusu mwenendo wa watu waliokuwa chini yake mwenyewe. Hata shahidi aliyelia kwa ajili ya Nyangwe alikuwa na watu wake wa kuwatetea. Hapana ya baba ni rahisi kuitamka kuliko tunavyopenda kukubali.

Riwaya ya Kiswahili haikuisahau familia hii ya hadithi. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, alimtuma mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake mahali ambapo watu walihofia mzimu, ili akatafute mkono wa binadamu. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya 2001, alifanya kinyume: alimrudisha mzuka mjini, akampeleka kwa K, mtu mkubwa wa utawala uliooza, anayeburutwa na babu yake aliyekufa ili aone asichotaka kuona. K ni ndugu wa Sultani Majinuni kuliko wa Mkaa Jikoni. Mwandishi amemchukua yule anayesema hapana na kumweka katikati ya kitabu, akamlazimisha kutembea. Naona katika chaguo hilo hukumu juu ya hadithi ya zamani, na naikubali.

Maana tazama hadithi ya zamani inavyoisha. Mzoga unaletwa, wimbo unaimbwa, na mama, aliyekataa mara zote hizo, safari hii anakubali. Ndiyo yake ina thamani kwa sababu ya hapana zilizoitangulia, na wasikilizaji wanaoimba naye wanaipata nafuu hiyo kifuani. Muziki umekamilika. Lakini nusu ya kwanza haikufungwa. Baba anafurahi, anamtukuza mwanawe, na mwana baadaye anaurithi mji. Hakuna anayemrudisha sultani kwenye majibu yake, hakuna anayemtajia tena mtoto wa watu na yule mtu mzima walioliwa siku ambazo paka alikuwa bado paka. Wao hawakuwa na nafasi katika wimbo, kwa kuwa wimbo ulianza baada yao. Kama ningekuwa msimulizi, Kasongo au Nyangwe kwenyewe, nisingegusa mbwa wala tembo, wala nisingepunguza mnyama hata mmoja ili kuokoa muda. Ningeongeza mahali pamoja tu. Kabla mama hajasema ndiyo, ningewaacha watu wa mji, waliokuja na habari mara zote na kufukuzwa mara zote, wamwulize sultani kwa wimbo mnyama huyu aliyelala hapa ni wa nani, na ningewataka wasikilizaji waimbe swali hilo mpaka ajibu.